Marejeleo yamerudishwa na jarida: namna ya kuhama kutoka APA kwenda Vancouver

Swali: Nimetoa makala kwenye tasnifu yangu ya uzamili ya afya ya jamii na kuituma kwa jarida la tiba. Imerudi ndani ya siku chache bila kupelekwa kwa wahakiki. Mhariri anasema marejeleo hayafuati mtindo wa Vancouver (ule wa namba), DOI nyingi (namba za kudumu za kutambulisha makala mtandaoni) hazipo, na baadhi ya viungo havifunguki. Nina marejeleo 62, yote niliyaandika kwa mkono kwa APA (mtindo wa jina la mwandishi na mwaka) kama chuo kilivyotaka. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba sasa yako sawa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, makala kurudishwa katika hatua hiyo hakusemi lolote kuhusu ubora wa utafiti wako. Huo ni ukaguzi wa ofisi ya uhariri tu, na ukishasahihisha unatuma tena. Ila usikimbilie kufungua faili na kuanza kufuta majina na kuandika namba. Ukiifanya kazi hiyo kwa mkono utaimaliza, halafu mhakiki atakuomba uongeze chanzo kimoja kwenye aya ya pili, na namba zote zinazofuata zitahama. Cha kusahihisha kwanza ni rekodi, yaani taarifa za kila chanzo zilivyohifadhiwa: waandishi, kichwa, jarida, mwaka, juzuu, kurasa, DOI. Rekodi zikiwa safi, kuhama kutoka APA kwenda Vancouver ni kazi ya dakika moja, na jarida hili likikataa makala, kuhamia mtindo wa jarida jingine ni dakika nyingine. Rekodi zikiwa na makosa, programu ya marejeleo itakupangia makosa yale yale kwa unadhifu mkubwa.

Soma masharti ya jarida lenyewe

Jina la Vancouver linatokana na jiji la Kanada ambako wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Januari 1978 ili wakubaliane namna moja ya kupokea miswada. Masharti yao yalichapishwa kwa mara ya kwanza 1979, na kundi hilo ndilo leo linaitwa ICMJE, yaani Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba. Mifano ya marejeleo inatunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, NLM, ambayo ndiyo inayoendesha PubMed, hifadhidata ya makala za tiba. Huo ndio msingi, lakini kila jarida linaongeza lake juu yake. Kwa hiyo mhariri anapoandika “Vancouver” anamaanisha Vancouver ya jarida lake.

Fungua ukurasa wa maelekezo kwa waandishi, kisha ufungue na makala mbili zilizochapishwa humo karibuni. Angalia namba ndani ya matini inakaa wapi: kwenye mabano ya duara, kwenye mabano mraba, au imepandishwa juu ya mstari. Angalia kama inatangulia nukta au inaifuata. Angalia waandishi wangapi wanatajwa kabla ya et al. (yaani “na wenzake”). Mifano ya ICMJE inataja sita wa kwanza ndipo inaweka et al.; mtindo wa AMA, Chama cha Madaktari cha Marekani, unataja wote wakiwa sita au pungufu, lakini wakizidi sita unabakiza watatu tu. Angalia kama DOI ni lazima, na kama kuna kikomo cha idadi ya marejeleo. Hilo la mwisho waandishi wanaotoka kwenye tasnifu hulisahau kila mara. Kama kikomo ni 40 na wewe una 62, ni kupoteza muda kusafisha rekodi 22 utakazozitupa. Punguza kwanza. Palipo na vyanzo vitano vinavyosema jambo moja, bakiza viwili vyenye nguvu, hasa utafiti wa mwanzo na mapitio ya karibuni.

Maelekezo na makala zilizochapishwa zikipishana, fuata maelekezo. Makala iliyochapishwa imeshapita mikononi mwa wapanga chapa.

Chanzo kimoja, mitindo miwili

Tazama makala maarufu ya 1953 kuhusu umbo la DNA. Kwa APA toleo la 7 inaandikwa hivi:

Watson, J. D., & Crick, F. H. C. (1953). Molecular structure of nucleic acids: A structure for deoxyribose nucleic acid. *Nature*, *171*(4356), 737–738. https://doi.org/10.1038/171737a0

Kwa Vancouver, kama PubMed inavyoionyesha:

Watson JD, Crick FH. Molecular structure of nucleic acids; a structure for deoxyribose nucleic acid. Nature. 1953 Apr 25;171(4356):737-8. doi: 10.1038/171737a0

Majina yamepoteza mkato kati ya jina la ukoo na herufi za mwanzo, na herufi zenyewe hazina nukta wala nafasi. Crick amepoteza herufi moja, kwa sababu kanuni ya NLM ni herufi mbili tu kwa kila mwandishi. Alama ya & imeondoka. Mwaka umehama kutoka nyuma ya majina hadi nyuma ya jina la jarida, ukiambatana na mwezi na siku. Baada ya tarehe ni nukta mkato, halafu juzuu, toleo ndani ya mabano, nukta pacha na kurasa, yote bila nafasi hata moja katikati. Ukurasa wa mwisho umefupishwa: 737-8, si 737-738. Italiki hakuna. Kichwa cha makala kina herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina maalumu tu.

Jarida ambalo namba za kurasa zinaendelea mfululizo ndani ya juzuu nzima unaweza kulifupisha zaidi, ukaacha mwezi, siku na toleo: Nature. 1953;171:737-8. Majarida mengi yanapenda hivi. Chagua namna moja na uishike kuanzia rejeleo la 1 hadi la mwisho. Mhariri anaweza kuvumilia mtindo usio wake kabisa, lakini orodha inayobadilisha sura kila baada ya mistari mitatu inamwambia kwamba hakuna aliyeipitia.

Makala za majarida ya mtandaoni pekee mara nyingi hazina kurasa. Zina namba ya makala, na hiyo ndiyo inayokaa mahali pa kurasa. Usiandike “1-12” kwa sababu tu faili la PDF lina kurasa 12.

Kujenga rekodi

Tumia Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo. EndNote na Mendeley nazo zinafanya kazi, lakini Zotero ni ya bure, ina mitindo ya majarida zaidi ya 10,000, na haitakufungia maktaba yako siku leseni ya chuo ikiisha. Nafasi ya bure ya mtandaoni ya MB 300 inahusu mafaili unayoambatisha tu, kama PDF. Rekodi zenyewe hazina kikomo, kwa hiyo marejeleo 62 hayatakugharimu kitu.

Usijaze rekodi kwa kuandika. Chukua orodha yako ya APA kama ilivyo, uibandike kwenye huduma ya bure ya kutafuta DOI kwa maandishi ya Crossref, shirika linalosajili DOI. Itakurudishia DOI ya kila rejeleo ililolitambua. Kwa yale ya tiba, tafuta pia kichwa kwenye PubMed na uchukue PMID, yaani namba ya makala ndani ya PubMed. Kisha ndani ya Zotero bofya alama ya fimbo, bandika DOI au PMID, hata nyingi kwa mpigo, na rekodi zitaingia zenyewe. Chanzo kikiwa na vyote viwili, anza na PMID. Rekodi ya PubMed huja na ufupisho sahihi wa jina la jarida na kichwa chenye herufi ndogo, wakati taarifa zinazotoka kwa wachapishaji mara nyingi huja na Kila Neno Likiwa na Herufi Kubwa.

Makala nyingi za majarida yetu zipo AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na nyingi zina DOI inayoanza na 10.4314. Iliyokosa DOI kabisa haina kosa. Andika anwani ya ukurasa wake na tarehe uliyousoma, na usibandike DOI ya makala inayofanana nayo ili kuziba pengo.

Baada ya kuingiza, ndipo kazi halisi inaanza: kupitia rekodi moja moja. Tenga saa mbili au tatu kwa marejeleo 62. Makosa yenyewe yanajirudia, kwa hiyo ukishayajua utakwenda haraka.

Anza na majina ya taasisi. Zotero ina visanduku viwili vya mwandishi, cha ukoo na cha jina la kwanza. Shirika la Afya Duniani likigawanywa humo, orodha itatoka na mwandishi anayeitwa “Organization WH”. Badilisha sehemu hiyo iwe ya kisanduku kimoja, kisha andika jina zima, World Health Organization. Vivyo hivyo kwa wizara, ofisi za takwimu na miradi. Taasisi mbili zikiwa waandishi wa ripoti moja, NLM huzitenganisha kwa nukta mkato, mfano:

Kenya National Bureau of Statistics; ICF. Kenya Demographic and Health Survey 2022. Volume 1. Nairobi: KNBS; 2023.

Fuata majina ya watu. Hapa waandishi wa Afrika Mashariki wanaumia kuliko wengine, maana mfumo wa majina matatu haujulikani kwa kompyuta. Chukua jina la kubuni, Asha Juma Mwakalinga. Rekodi sahihi ni Mwakalinga AJ, lakini fomu ikijazwa vibaya wakati wa kutuma makala, hifadhidata itamwandika Asha JM. Majina yenye bin, ole au arap nayo hukatwa ovyo. Kanuni ya kushika ni kufungua ukurasa wa kwanza wa makala yenyewe na kuona mwandishi alivyojiandika, hasa kwenye sehemu ya “namna ya kurejelea makala hii” kama ipo. Jina la mwenzako likiandikwa vibaya, huenda rejeleo hilo lisihesabiwe kwenye kazi yake, na kwa mhadhiri anayesubiri kupandishwa cheo hilo si jambo dogo.

Vichwa vya makala vipunguze herufi kubwa. Ndani ya Zotero, bofya kulia kwenye kichwa, kwenye menyu ya kubadilisha maandishi chagua umbo la sentensi, halafu kisome tena kwa macho yako. Majina ya nchi, HIV, majina ya watu na ya vimelea huenda yakaharibika. Majina ya kisayansi ya viumbe yanahitaji italiki hata kwenye Vancouver. Yazungushie alama hizi ndani ya kisanduku cha kichwa: `<i>Plasmodium falciparum</i>`.

Majina ya majarida yafupishwe kwa namna ya NLM, si kwa kukisia. East African Medical Journal ni East Afr Med J. African Health Sciences ni Afr Health Sci. Tanzania Journal of Health Research ni Tanzan J Health Res, na angalia hiyo Tanzan, maana wengi huandika Tanz au Tanzania. Malaria Journal ni Malar J. Bulletin of the World Health Organization ni Bull World Health Organ. Jina la neno moja halifupishwi: Nature, Lancet. Ukiwa na shaka, tafuta jina kwenye katalogi ya NLM. Kwenye mipangilio ya Zotero ndani ya Word kuna kisanduku cha kutumia vifupisho vya MEDLINE, hifadhidata ya NLM. Kiwekee alama ya vema na vingi vitakaa sawa.

Mwisho ondoa rekodi pacha. Makala ileile ikiingia mara mbili, itapewa namba mbili tofauti kwenye orodha, na hilo ni kosa ambalo mhariri huliona mapema. Zotero ina sehemu inayokuonyesha pacha zote. Ziunganishe, usifute moja. Ukifuta ile ambayo tayari umeitumia kwenye Word, namba hiyo itabaki haina mwenyewe.

Kuweka namba kwenye matini

Tengeneza nakala ya muswada, funga ile ya zamani, na upite aya kwa aya. Kila ulipoandika jina na mwaka kwa APA, futa na uingize rejeleo kwa programu-jalizi ya Zotero iliyo ndani ya Word, LibreOffice au Google Docs. Vyanzo vitatu vikikaa mahali pamoja, viingize kwa mkupuo kwenye dirisha moja upate (4-6). Ukiingiza kimoja kimoja utapata (4)(5)(6).

Sentensi nazo zitahitaji kushonwa upya. APA hukuruhusu kuandika jina la mwandishi na mwaka ndani ya sentensi kama mhusika wake. Ukiondoa jina ukabakiza namba, utapata sentensi isiyo na kiima, “(12) waligundua kwamba…”. Badala yake taja utafiti wenyewe: ulifanyika wapi, kwa nani, ulipata nini, kisha namba. Weka namba karibu na dai linalohusika, si lazima mwisho wa sentensi. Sentensi yenye madai mawili kutoka vyanzo viwili iwe na namba katika kila dai, la sivyo msomaji hatajua kipi kimetoka wapi.

Sasa jambo linalowachanganya hata waandishi wazoefu. Namba zinafuata mpangilio wa kutajwa kwa mara ya kwanza, na chanzo kilichopewa namba 7 kinabaki 7 hadi mwisho. Lakini vyanzo vinavyotajwa ndani ya jedwali au maelezo ya kielelezo pekee vinapewa namba kulingana na mahali ambapo *jedwali hilo lilitajwa kwenye matini kwa mara ya kwanza*, si mahali lilipobandikwa. Tuseme rejeleo la mwisho kabla ya maneno “tazama Jedwali la 2” ni la 14, na jedwali lina vyanzo vitatu vipya. Hivyo vitakuwa 15, 16 na 17, na chanzo kipya kinachofuata kwenye matini kitakuwa 18. Majarida mengi yanataka majedwali yawekwe mwisho wa muswada au kwenye faili la pekee. Programu inahesabu kwa kufuata mpangilio wa faili, kwa hiyo itavipa vyanzo vya jedwali namba za mwisho kabisa, na mhariri atakuandikia kwamba namba hazifuatani.

Dawa yake ni kuacha kila jedwali mara tu baada ya aya inayolitaja kwa muda wote unaoandika. Siku ya kutuma, ukishatoa nakala ambayo namba zake ni maandishi ya kawaida (nitaeleza hapo chini), ndipo ukate majedwali na kuyapeleka mwisho. Namba hazitabadilika tena.

Waandishi wenza ni hatari nyingine. Msimamizi akifungua muswada kwenye simu kwa programu ya ofisi isiyotambua Zotero na kuuhifadhi, namba zinaweza kugeuka maandishi matupu, na utajua siku utakapoongeza chanzo kipya na namba nyingine zisisogee. Wapelekee PDF au nakala ya Word ya kutolea maoni, na masahihisho uyaingize wewe kwenye faili mama. Mkilazimika kuhama kati ya Google Docs na Word, tumia amri ya kubadilisha programu iliyo kwenye mipangilio ya Zotero. Ukipakua faili hivi hivi viunganishi vinakatika.

Vyanzo visivyo makala

Miongozo ya wizara na ripoti za serikali ndizo zenye viungo vilivyokufa, maana tovuti hupangwa upya na mafaili yakahamishwa. Rejeleo la aina hii linahitaji neno *Internet* ndani ya mabano mraba baada ya kichwa, mahali na mchapishaji, mwaka, tarehe uliyosoma, na anwani. Kabla ya kutuma, hifadhi ukurasa huo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive na uweke kiungo cha nakala iliyohifadhiwa iwapo cha asili kimekufa. Hati ambayo ipo kwenye karatasi tu ofisini itaje kama kitabu: taasisi, kichwa, mji, mchapishaji, mwaka. Haina kosa kwa kukosa kiungo.

Hati za Kiswahili zina kanuni yake, na ni afadhali uifuate kuliko kuficha chanzo kwa kukipa kichwa cha Kiingereza pekee. Kichwa kinaandikwa kama kilivyo kwa Kiswahili, tafsiri yake ya Kiingereza inafuata ndani ya mabano mraba, na mwisho wa rejeleo, baada ya mwaka au kurasa, unaongeza neno *Swahili*. NLM inafanya hivyohivyo kwa Kinorwe, Kifaransa na lugha nyingine yoyote. Tafsiri iweke ndani ya kisanduku cha kichwa kwenye Zotero. Jina la lugha mara nyingi utaliongeza mwenyewe kwenye nakala ya mwisho.

Mazungumzo na afisa wa wilaya, barua pepe au takwimu ulizopewa mkononi havipewi namba. Vinatajwa kwenye mabano ndani ya matini, kwa jina na tarehe, na unahitaji idhini ya maandishi ya aliyekupa. Makala yako nyingine ambayo bado haijakubaliwa popote nayo haiingii kwenye orodha. Iliyokubaliwa lakini haijatoka inaingia, kwa kueleza kwamba inangoja kuchapishwa. Makala za awali, yaani ambazo bado hazijahakikiwa, zilizopo kwenye tovuti za medRxiv au bioRxiv zitajwe wazi kwamba ni za awali, na kwanza utafute kama toleo lililohakikiwa limeshatoka, maana mara nyingi limeshatoka na takwimu zake zimebadilika.

Majibu ya programu za akili bandia usiyataje kama chanzo cha dai la kisayansi. ICMJE imelikataa hilo. Na kama ulizitumia kutafuta vyanzo, chunguza kila kimoja kwa makini sana. Zinaweza kutunga rejeleo lenye waandishi wa kweli, jarida la kweli na kichwa kinachoshawishi, kumbe makala hiyo haijawahi kuandikwa.

Utajuaje kwamba yako sawa?

Bofya kila DOI. Zote. Iandike kwa umbo https://doi.org/ ikifuatiwa na namba inayoanza na 10, au kwa *doi:* kama jarida linavyotaka. Inapofunguka, linganisha kichwa, mwandishi wa kwanza, mwaka na kurasa. DOI inayofunguka makala nyingine ni mbaya kuliko isiyofunguka, kwa sababu haionekani mpaka mtu aibofye.

Zisizofunguka huwa na sababu chache. Nukta ya mwisho wa sentensi imenaswa ndani ya kiungo. Kistari kimeingia pale mstari ulipokatika kwenye PDF. Herufi O imekaa mahali pa sifuri. Au DOI yenyewe ina mabano, kama hii: 10.1016/S0140-6736(97)11096-0. Programu nyingine hukata kiungo pale mabano yanapoanza au kufungwa, na kilichobaki hakiendi popote. Nakili DOI nzima, iweke kama kiungo kwa mkono, ujaribu tena.

DOI hiyo nimeichagua kwa makusudi. Ni ya makala ya Wakefield na wenzake kwenye Lancet ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Lancet iliifuta Februari 2010, lakini ukurasa wake bado unafunguka, na mtu anayenakili marejeleo ya wengine anaweza kuibeba bila kujua. Makala iliyofutwa hairuhusiwi kutumika kama ushahidi. Unaitaja tu ukizungumzia kufutwa kwake, na unasema wazi kwamba ilifutwa. Zotero hukuwekea onyo jekundu kwa kutumia hifadhidata ya makala zilizofutwa ya Retraction Watch, ambayo tangu 2023 inamilikiwa na Crossref, lakini inatambua rekodi zenye DOI au PMID tu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoacha kisanduku hicho kitupu.

Ukaguzi wa mwisho programu haiwezi kuufanya: je, chanzo kinasema unachodai kinasema? Mwaka 1980 New England Journal of Medicine ilichapisha barua fupi ya aya moja kuhusu uraibu wa dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Waandishi waliangalia wagonjwa waliolazwa hospitalini tu. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida hilohilo 2017 uliikuta barua hiyo imerejelewa mara 608, asilimia 72.2 ya waliorejelea waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na asilimia 80.8 hawakusema kwamba wagonjwa walikuwa wamelazwa. Marejeleo hayo yangepita ukaguzi wowote wa umbo, na madhara yake Marekani yalikuwa makubwa.

Kwa hiyo chukua kila namba kwenye matini, fungua PDF, tafuta sentensi au jedwali lenye dai lako, na uandike ukurasa wake kwenye sehemu ya maelezo ya rekodi. Takwimu ulizozipata ndani ya utangulizi wa makala ya mtu mwingine zifuate hadi utafiti wa mwanzo, uusome, na uurejelee huo. Usipoupata, mrejelee uliyemsoma na useme kwamba yeye ndiye aliyeinukuu. Kwenye makala zinazotokana na tasnifu, tegemea kukuta sehemu mbili tatu ambapo sentensi ilihaririwa mara kadhaa hadi ikazidi nguvu ya chanzo chake. Punguza sentensi.

Siku ya kutuma

Hifadhi faili lenye viunganishi hai na ulipe jina linaloeleweka. Tengeneza nakala, na katika nakala hiyo tumia amri ya Zotero ya kukata viunganishi vya marejeleo. Namba na orodha vitakuwa maandishi ya kawaida, na amri hiyo haina njia ya kurudi, ndiyo maana haitumiwi kwenye faili mama. Hapo ndipo unahamisha majedwali, unaongeza neno *Swahili* panapohusika, na kusahihisha yale machache ambayo mtindo haukuyaweza. Kila unalolirekebisha hapa liandike pembeni, maana wahakiki wakileta maoni utarudi kwenye faili mama na itabidi ulirudie. Baadhi ya mifumo ya majarida inapendelea faili lenye viunganishi, maelekezo yatasema.

Katika barua ya kutuma tena, mjibu mhariri hoja kwa hoja kwa kifupi: marejeleo yamewekwa katika mtindo wa jarida, DOI zimeongezwa na kujaribiwa zote, na marejeleo ambayo hayana DOI ni namba fulani na fulani, kwa sababu ni ripoti za serikali au makala ambazo hazijawahi kupewa. Ukitaja namba zenyewe, msaidizi wa uhariri hatakurudishia makala kwa upungufu ambao umeshaueleza.